Hjulsta: utengano wa shule usio na sheria ya kufutwa

Hjulsta, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa Stockholm, hakijawahi kuwa na sheria ya kumzuia mtoto asiingie shule fulani kwa sababu ya rangi yake. Hata hivyo, ni miongoni mwa maeneo ya Sweden ambako watoto wa wahamiaji husoma karibu peke yao.

Chanzo ni nyumba. Kati ya 1965 na 1974 zilijengwa nyumba milioni moja kwa mpango wa serikali katika nchi ya watu wapatao milioni 8, na fleti za Hjulsta zilikuwamo. Treni ya chini ya ardhi ilifika 1975, hapo pakawa kituo cha mwisho. Waswidi wenye uwezo walihamia kwingine. Wakaja Wafini, Waturuki na Wagiriki, baadaye Wasomali, Waeritrea na Wairaki. Watoto walisoma shule ya jirani, kwa hiyo mtaa ulivyokuwa ndivyo darasa lilivyokuwa.

Mageuzi ya 1992 yalimruhusu mzazi kuchagua shule, hata ya binafsi, kwa fedha za umma. Yalionekana kama mlango wa kutokea Hjulsta. Lakini shule nyingi za binafsi hupokea watoto kwa kufuata tarehe ya kujiandikisha, na wazazi wanaoujua mfumo huwaandikisha watoto wangali wachanga. Familia inayotoka Mogadishu na mtoto wa miaka 7 huikuta foleni imeshajaa. Hakuna aliyembagua mtoto huyo; amechelewa tu, basi. Mwaka 2000 jiji likaamua kuwa nafasi za sekondari ya juu zigawanywe kwa alama pekee, bila kujali umbali wa nyumbani. Wenye alama nzuri walipanda treni kwenda mjini, na watafiti walibaini kuwa utengano uliongezeka.

Kwa kulinganisha, Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Sheria ndiyo iliyozitenga, na sheria nyingine ikaziunganisha kuanzia 1962. Sheria ya Sweden ya 2009 dhidi ya ubaguzi inagusa shule, maduka na huduma za umma, na inakataza hata ubaguzi usio wa moja kwa moja, ila foleni ya shule inaruhusiwa kisheria. Foleni haimkatai mtu.

Mji wa Nyköping ulijaribu njia nyingine: mwaka 2014 uliwakusanya wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule zake za msingi katika shule moja na kuwachanganya. Kwa jiji la ukubwa wa Stockholm hilo ni gumu. Tume ya serikali iliyoongozwa na Björn Åstrand ilipendekeza mwaka 2020 kura ya bahati nasibu ichukue nafasi ya foleni. Serikali ilipopeleka muswada wa kuondoa foleni hizo, Bunge liliukataa mwaka 2022.