Bungua bongo

Mwalimu aliyepita chuo cha ualimu Tanzania analijua neno bungua bongo. Ni mbinu shirikishi: swali huandikwa ubaoni, wanafunzi hutoa majibu harakaharaka, na hakuna jibu linalokataliwa mpaka yote yameandikwa. Aliyeieneza ni Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, kwa kitabu chake cha mwaka 1953. Jina la mbinu hiyo kwa Kiingereza lina dhoruba ndani yake. Kiswahili kimechukua kazi ya dumuzi, anayebungua punje ya mahindi kimyakimya hadi unga unamwagika. Kwangu mimi Kiswahili kimelenga zaidi, hasa kwa kijana wa Kidato cha Sita wa Tandale au Mbagala anayeomba chuo Marekani.

Vyuo vya hapa havimtaki mwombaji aandike insha. Hutazama alama za mtihani. Vya kule, kupitia fomu ya pamoja ya maombi iitwayo Common Application, vinataka insha ya maneno yasiyozidi 650 kumhusu yeye mwenyewe. Akiiita insha ya kujieleza ameshapotea, maana kwetu barua ya kujieleza huandikwa na mtuhumiwa. Ataanza kujitetea: ada ilikosekana, maisha magumu, ila alikazana. Au atakimbilia ile ya darasani, elimu ni ufunguo wa maisha.

Akiwaita wenzake wambungulie bongo, watamtajia hayohayo. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kuwa watu wanne wakifikiri kila mmoja kivyake, mawazo yao yakijumlishwa huwa mengi kuliko ya wanne waliokaa pamoja.

Basi abungue peke yake, bila kujikosoa, na aandike vitu badala ya sifa. Konda wa daladala ya Rangi Tatu anayewazuia madenti mlangoni. Chumba cha kupanga. Mita moja ya umeme wa LUKU kwa wapangaji wote. Hapo kwenye mita asimame, achimbe. Nani alikuwa akikusanya mchango? Kumbe ni yeye, na daftari analo. Kwa nini fundi cherehani aligoma kulipa sawa na bibi mwenye taa moja tu? Yeye alipiga hesabu gani, na nani alinuna? Maneno 650 yatajaa kabla ugomvi haujaisha.

Wenzake awaite rasimu ikiwa tayari, na hapo wakosoe wanavyotaka.