Manowari ya Bomba Tatu

Kutoka bandari hii ya Feri, Dar es Salaam, ambako leo wachuuzi hunadi changu na kibua, Kapteni Max Looff aling'oa nanga tarehe 31 Julai 1914 katika Königsberg, merikebu ya vita ya Wajerumani ambayo wenyeji, kwa kuyahesabu mabomba yake ya moshi, waliiita manowari ya bomba tatu. Tarehe 20 Septemba aliiangamiza Pegasus ya Waingereza huko Unguja. Kisha mitambo ikamharibikia, naye akajificha katika delta ya Rufiji, akahusuriwa hata 11 Julai 1915, alipoamuru merikebu izamishwe. Sifa huenda kwake. Mimi ningewapa wapagazi Waafrika, walioikokota hadi Dar es Salaam mizinga 10 iliyoopolewa humo, ipate kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.