Utapeli wa Zamani Ndani ya Simu ya Mwanao



Mwezi uliopita nilikuta shilingi 15,000 zimetoka kwenye simu yangu. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa akicheza mchezo, akaletewa ujumbe kuwa ameshinda zawadi: atume pesa kidogo kwanza, na asimwambie mtu mpaka zawadi ifike. Nambari ya siri aliijua kwa kunitazama nikinunua umeme. Siku tatu alikaa kimya, chakula anakigusagusa tu. Mimi nikadhani homa.

Hasira ziliposhuka nikaanza kusoma utapeli huu umetoka wapi. Kumbe ni mkongwe kuliko simu yenyewe.

Ufaransa, baada ya mapinduzi ya 1789, wafungwa wa Paris waliwaandikia barua watu wenye uwezo. Mwandishi alijifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyeikimbia nchi. Njiani, alidai, walitupa majini kasha la vito. Sasa yeye kafungwa, lakini akisaidiwa pesa kidogo ataonyesha kasha lilipo. Ziliitwa "barua za Jerusalem". Vidocq, mhalifu aliyegeuka mkuu wa wapelelezi wa Paris, aliandika habari zake katika miaka ya 1830. Alisema kati ya barua 100, 20 zilijibiwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 hadithi hiyo ilienea Marekani kwa jina la "Mfungwa wa Hispania". Mpokeaji alionywa asimwambie mtu, maana siri ikivuja mfungwa ataangamia. Miaka ya 1980, bei ya mafuta ilipoanguka na maisha kuwa magumu Nigeria, zikaja barua za mamilioni yaliyokwama benki: kwanza kwa posta, kisha faksi, kisha baruapepe. Watu wakaziita 419, kwa kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo.

Kwetu mambo yalibadilika pesa zilipoingia kwenye simu, Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008. Kabla ya hapo, pesa ya nyumbani ulimpa mtu anayesafiri. Sasa inafika kwa sekunde, na kuirudisha ni shida. Ndipo tukaanza kupokea: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Hapo hakuna mfungwa wala kasha. Ujumbe unarushwa kwa watu wengi, na hakosekani mmoja ambaye kweli anadaiwa pesa na mtu siku hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, laini zikasajiliwa kwa alama za vidole, na bado ujumbe unakuja.

Nguo zinabadilika, mwili ni ule ule: ahadi, haraka na siri. Na kwa mtoto, siri ndiyo mbaya zaidi. Mtu mzima akitapeliwa hupoteza pesa. Mtoto akishaweka siri na mtu asiyemjua, anaweza kuombwa picha, kisha akatishiwa kwa picha hiyo hiyo, na akaogopa kusema nyumbani.

Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuchunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Mwanangu anaijua aya hiyo kwa moyo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba inahusu na simu. Hilo lilikuwa jukumu langu.

Nimebadilisha nambari ya siri, na siiandiki mbele ya mtu. Ujumbe wa kitapeli tunautuma 15040, namba ya TCRA, na yeye ndiye anayebonyeza. Na tumewekeana ahadi: anayekwambia usimwambie mama, huyo ndiye wa kwanza kumsema kwa mama, na kwa kusema hutapigwa wala kunyang'anywa simu.

Juzi aliniletea simu mwenyewe. "Mama, huyu anasema nimeshinda baiskeli." Tukacheka pamoja.

Zile 15,000 hazikurudi. Lakini nazikumbuka zaidi zile siku tatu alizoniogopa mimi kuliko tapeli.