Bangi yasomwa vyuoni, lakini darasa si ruhusa ya kuivuta

KIJANA wa Tandale wilayani Kinondoni, au wa Mbagala wilayani Temeke, akiambiwa kuwa Marekani kuna chuo kinachofundisha bangi, anaweza kudhani anataniwa. Chuo hicho kipo, na si hicho peke yake. Hata hapa Dar es Salaam mmea huo umo katika masomo ya vyuo, ingawa kwa sura tofauti kabisa.

Tofauti ya sura hizo mbili ni jambo zito. Anayeielewa vibaya anaweza kujikuta gerezani.

Chuo cha Oaksterdam

Chuo kinachotajwa zaidi ni Oaksterdam, kilichoanzishwa na Richard Lee mwaka 2007 mjini Oakland, katika jimbo la California. Jina lake limeunganishwa kutokana na Oakland na Amsterdam, mji wa Uholanzi ambako Lee aliona mfano wa chuo cha namna hiyo.

Wanafunzi wake hufundishwa kilimo cha bangi, sheria, historia na biashara yake, na wanaohitimu hupewa cheti, si shahada.

Hata huko Marekani mambo hayakuwa mteremko. Aprili 2012, maofisa wa serikali kuu walikivamia chuo hicho na kuchukua mali zake, kwa kuwa sheria ya taifa iliendelea kuizuia bangi ingawa jimbo la California lilikuwa limeiruhusu kwa tiba. Lee alijiuzulu, lakini chuo kiliendelea.

Vyuo vikuu vya kawaida vilifuata baadaye. Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Northern Michigan kilianzisha shahada ya kemia ya mimea tiba, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Maryland kikaanzisha shahada ya uzamili inayohusu sayansi ya bangi kama tiba. Chuo Kikuu cha Mississippi kilikuwa kikilima bangi kwa ajili ya utafiti, kwa mkataba na serikali, tangu mwaka 1968.

Kinachosomwa ndani ya jani

Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, aliupa mmea huo jina la kisayansi la Cannabis sativa mwaka 1753. Hata hivyo, kwa muda mrefu haikujulikana barabara ni kitu gani ndani yake kinachomlevya mtu.

Jibu lilipatikana Israel mwaka 1964, pale Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni walipoitenga kemikali inayofupishwa THC na kueleza umbo lake. Hiyo ndiyo inayolevya. Kemikali nyingine kuu, CBD, hailevyi.

Mwaka 1988 watafiti waligundua kuwa ubongo una vipokezi ambavyo THC hujishikiza. Mwaka 1992 ikabainika kuwa mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayofanya kazi kupitia vipokezi hivyo.

Elimu hiyo imezaa dawa. Juni 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye CBD, kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni. Dawa hiyo husafishwa kiwandani na kupimwa kwa miligramu. Msokoto wa kijiweni haupimwi na yeyote.

Muhimbili, Mkemia Mkuu na mahakama

Nchini Tanzania, mwanafunzi wa udaktari au ufamasia hukutana na bangi katika somo la famakolojia, na tena katika magonjwa ya akili. Kwa Dar es Salaam, chuo kikongwe katika fani hizo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho pia kina taasisi ya utafiti wa tiba asilia.

Darasani hujifunza kwamba uvutaji wa mara kwa mara, hasa ulioanza katika umri mdogo, unahusishwa na kupungua kwa kumbukumbu na kuongezeka kwa hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Mwanafunzi wa kemia naye huisoma kama kielelezo. Majani yanayokamatwa hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sababu mahakama haiwezi kutegemea harufu wala macho ya askari. Maabara za aina hiyo huchunguza vinyweleo vya jani kwa hadubini na kupima kemikali zake.

Kwa mwanafunzi wa sheria, somo kubwa ni mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Katika Rufaa ya Jinai namba 110 ya mwaka 2007, ingawa haikuhusu bangi, Mahakama ya Rufani ilisisitiza haja ya kumbukumbu za nani alikipokea kielelezo, alikihifadhi na kumkabidhi nani. Mnyororo ukikatika, kesi inaweza kuanguka.

Methadoni si dawa ya bangi

Wakazi wengi wanafahamu kliniki za methadoni. Ya kwanza ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke.

Huduma hiyo, hata hivyo, ni kwa waraibu wa heroini. Kwa uraibu wa bangi, methadoni haina kazi. Tegemeo kuu ni ushauri nasaha na uangalizi wa wataalamu wa afya ya akili, na mzazi anayempeleka mwanawe hospitali anapaswa kueleza bayana ni kitu gani kijana anatumia.

Sheria inasemaje

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaruhusu bangi kwa tiba na sayansi tu. Desemba 2020, tume ya umoja huo iliiondoa katika orodha ya dawa hatari zaidi kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini ikabaki chini ya udhibiti.

Lesotho ilianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya tiba mwaka 2017. Malawi ilibadili sheria mwaka 2020, na Rwanda ikaweka utaratibu wake mwaka 2021.

Tanzania haikufuata njia hiyo. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kulima, kumiliki, kuuza na kuvuta bangi ni makosa, na adhabu ya kusafirisha hufikia kifungo cha maisha. Mwenye nyumba anayeruhusu itumike kwa biashara hiyo naye hasalimiki.

Kwa hiyo cheti cha Oaksterdam, hata kikiwa halali California, hakimlindi mtu anayekamatwa na kete Tandika au Mwananyamala. Kijana anayevutiwa na sayansi ya mmea huo anaweza kuanzia kwenye kemia na baiolojia za sekondari, kisha ufamasia, udaktari au kemia ya maabara chuoni.