Mbula, ngitili, mizani: maneno ya Simiyu na yalikotoka

Fungua daftari la mahudhurio la shule ya msingi katika kata ya Mwamanyili, wilayani Busega, na ni nadra ukose akina Mabula na akina Kabula. Mabula ni wa kiume, Kabula ni wa kike, na wote wawili wamebeba neno moja la Kisukuma: mbula, yaani mvua. Mtoto aliyezaliwa siku ya mvua alipewa jina hilo, kisha wajukuu wakalirithi hata kama walizaliwa Agosti, udongo umepasuka. Wapo pia akina Limi, jua, lakini jua halina haja ya kuombwa.

Mgeni anaweza kushangaa. Busega inapakana na Ziwa Viktoria. Mvua ya nini tena? Ajaribu kulima. Maji ya ziwa yapo yanaonekana, na bado mashamba mengi ya mahindi, mtama na pamba yanangoja ya mbinguni. Ndiyo maana mzee wa huku akisema mbula, sauti yake hushuka kidogo. Neno lina furaha ndani yake, na lina hofu.

Hofu hiyo ina historia. Ntemi, mtawala wa jadi wa Wasukuma, alihesabiwa kuwa mwenye mvua. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima kuhusu matambiko ya ntemi. Mvua ikinyesha kwa wakati, sifa zilikuwa za ntemi. Ikikata, lawama zilikuwa zake pia, na wapo watemi walioondolewa kitini kwa sababu ya ukame. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Siku hizi kiongozi hulaumiwa kwa barabara na zahanati, si kwa mawingu; kwa upande huo kazi imekuwa nyepesi.

Lakini neno linalowagusa zaidi wazee wenye ng'ombe ni ngitili. Kwa asiyelijua, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii. Nyasi zinakua, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikishakaza eneo linafunguliwa kwa ajili ya ndama, ng'ombe dhaifu na maksai watakaohitajika kulima msimu ujao. Kuna ngitili ya familia, iliyo karibu na mji, na kuna ya kijiji. Mfugaji anapolitaja neno hilo huona migunga na kivuli chake, husikia harufu ya nyasi kavu, hukumbuka utoto wa kuchunga na viboko alivyokula siku ng'ombe walipovuka mpaka. Tena huona kitu kingine: familia yenye akiba.

Akiba hiyo ilikaribia kupotea. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ya Shinyanga ili kuwafukuza mbung'o, kazi iliyohusishwa sana na mtafiti Charles Swynnerton. Pamba ikafuata, ikala ardhi iliyobaki. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Kaya zilihamishwa kutoka makazi yao ya asili kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari, na ngitili, ambayo huwezi kuihamisha kama kitanda, ikabaki nyuma bila mwenyewe. Yeyote akachungia, yeyote akakata kuni.

Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa wote kama HASHI, ngitili zilizohesabika zilikuwa kiasi cha hekta 600. Hapo ni Shinyanga ya wakati ule, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa ndani yake. Mwanzoni mradi ulifanya kama miradi mingi: vitalu vya miche, semina, maagizo ya kupanda miti. Matunda yalikuwa haba. Mambo yalibadilika wataalamu walipoamua kujenga juu ya kile ambacho wenyeji walikuwa wanakijua, na kukiita kwa jina lake. Dagashida, baraza la jadi, likaweka masharti na faini. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakasimamia. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Naamini neno lenyewe lilifanya sehemu ya kazi hiyo. Ungewaambia watu "hifadhi shirikishi ya malisho", wangeisikia serikali na kukaa kimya mpaka gari liondoke. Ukisema ngitili, wanamsikia babu. Mwamanyili haikuwa ndani ya mradi huo, kwa kuwa wakati ule ilikuwa Magu, mkoa wa Mwanza; Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kuunganisha vipande vya Shinyanga na Mwanza. Neno, hata hivyo, halikujali mpaka wa mkoa.

Neno la tatu ni la Kiswahili, nalo ni chungu: mizani. Kabla ya miaka ya 1950 pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wengi wao wenye asili ya Asia, na mkulima aliamini kwamba kila mzigo anaoupeleka dukani unapungua ukifika kwenye mizani. Vuguvugu la wakulima lililomtoa Paul Bomani lilianzia hapo: walidai wapimaji wao wenyewe. Vyama vya msingi vikaota, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria, lililotambulika kwa herufi zake VFCU, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Hadi leo mkulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, akifika AMCOS, chama chake cha ushirika, hutazama mizani kwanza, karani baadaye.

Kuna jina jingine la pamba, dhahabu nyeupe. Hilo ni la jukwaani. Nimelisikia kwenye hotuba nyingi na sijalisikia shambani, kwa watu wanaopulizia dawa na kungoja bei itangazwe.

Yapo maneno mepesi pia. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, humrudisha Msukuma wa Dar es Salaam jikoni kwa mama yake kabla hajaonja. Na kurwa na doto, majina ya mapacha, yametoka kwenye lugha za huku yakaingia kwenye kamusi za Kiswahili, hata wanaoyatumia pwani wamesahau yalikoanzia.

Msomaji uliye na baba, bibi au mjomba Mwamanyili, Nkololo, Mwandoya au kijiji chochote cha Simiyu, muulize jambo moja ukienda kumsalimia: ngitili ya kwenu ilikuwa wapi, na nani aliifunga mara ya mwisho? Andika jibu lake kwenye daftari, pamoja na mwaka.