Gwangju, Jengo Namba 245

Ukienda kusoma Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, wenyeji watakutuma kwanza mlima Mudeung. Upande, ni mzuri kweli. Mimi lakini Jumamosi zangu nyingi ziliishia mtaa wa Geumnam, kwenye jengo la Jeonil.

Mei 1980 wanajeshi wa Jenerali Chun Doo-hwan waliwapiga wanafunzi langoni mwa Chuo Kikuu cha Chonnam. Mji mzima ukainuka, jeshi likauzima kwa risasi. Kwa miongo mingi jeshi hilo lilikana kwamba helikopta zake zilifyatua hata moja. Basi panda ghorofa ya 10 ya Jeonil. Nguzo na sakafu zimeachwa vilevile, na matundu yake. Wachunguzi walihesabu 245 mwanzoni, na enzi zile mbele ya jengo hapakuwa na jingine la kimo hicho. Risasi zingetoka wapi kama si angani? Halafu eti namba ya jengo mtaani nayo ni 245! Sadfa tu.

Aliyesoma riwaya ya Han Kang ya mwaka 2014 kuhusu mauaji haya (mwenyewe kazaliwa humu humu mjini) atautambua Sangmugwan, ukumbi walimolazwa maiti. Uko hatua chache tu kutoka hapo.

Njaa ikiuma, kula jumeokbap, matonge ya wali ambayo kina mama wa sokoni waliwafinyangia waandamanaji. Kwenye makaburi ya waliouawa unaenda kwa basi. Namba yake 518: mwezi wa 5, tarehe 18.