Rangi ya Nzi Asiyeruka

Vidole vya Tata vilikuwa na rangi mpya kila wiki. Jumatatu njano, Alhamisi kijani, wiki ijayo zambarau. Nilipokuwa mtoto nilidhani anapaka watu kucha.

Kumbe alikuwa anafunga nzi. Si hao wa chooni. Ni nzi wa kuvulia: ndoana ndogo inayovishwa manyoya, singa na uzi mpaka samaki aione kama mdudu. Alifanya kazi kwenye karakana moja hapa Nairobi, akilipwa kwa dazeni. Nzi akitoka vibaya, hesabu inarudi nyuma.

Nilipoacha chuo kwa kukosa karo nilihamia kwake, na jioni moja nikamuuliza hii kazi ilitoka wapi. Akacheka. "Si wewe ndiye wa vitabu?"

Basi nikaenda kutafuta.

Imetoka mbali. Miaka kama 1,800 iliyopita, Aelian, mwandishi Mroma, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwenye mto Astraeus. Walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Sasa fikiria: kondoo mwekundu hayuko. Kuna mtu alikaa kando ya chungu akaitia rangi ile sufu. Aelian anautaja mto, anataja samaki, lakini huyo wa chungu hamtaji.

Mwaka 1496, Uingereza, kikachapishwa kitabu cha kufundisha uvuvi wa ndoana. Mshipi wa siku hizo ulisukwa kwa singa za mkia wa farasi, na kitabu kinaeleza namna ya kuzitia rangi kwa pombe na shabu, kila msimu na rangi yake, ili samaki asishtuke.

Halafu 1856, kijana wa miaka 18 jijini London, William Perkin, akijaribu kutengeneza kwinini ya malaria, akapata zambarau badala ya dawa. Rangi za viwandani zikaanzia hapo. Mvuvi hakuhitaji tena kungoja majani na mizizi.

Na huku kwetu? Trauti si samaki wa mito yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi, alileta mayai yake kutoka Scotland, yakatiwa mto Gura kule Nyandarua. Ni Grogan huyo huyo ambaye Machi 1907 aliwachapa Wakikuyu viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Walowezi walitaka mto unaofanana na nyumbani. Wenyeji wengi wa pale hawakuwa hata wanakula samaki.

Walowezi wengi waliondoka. Trauti akabaki, na kazi ya nzi ikabaki. Leo nzi waliofungwa Kenya wanavua mito ya Ulaya na Marekani.

Tata alinifundisha kutia rangi kwa kipande cha mkia wa mbuzi kutoka buchari. Kwanza unakiosha kwa sabuni, mara mbili, mara tatu, kwa sababu mafuta yakibaki rangi inateleza. Unakiloweka mpaka maji yaingie ndani. Rangi ni ile ya kutia sufu, sufuria ni ya kazi hiyo tu, usije ukapikia chai. Unaongeza siki, kwa maana rangi hii haishiki singa bila asidi.

Mimi nikaongeza moto. Ngozi ikajikunja kama chapati iliyoungua, singa zikaanza kutoka.

"Unapika supu?" akauliza. "Maji yawe moto, yasichemke. Singa inavumilia. Ngozi haivumilii."

Cha pili kilitoka rangi ya chungwa, safi kabisa. Akakata singa chache, akalinganisha ncha kwa kugongagonga, akazifunga kwenye ndoana bila kuangalia sana. Dakika chache, mdudu huyo hapo.

Nikamuuliza kama amewahi kuvua.

"Na nini? Na wakati gani?"

Miaka yote hiyo, maelfu ya nzi, na hajawahi kumwona trauti akiwa hai. Gura iko Nyeri, safari ya asubuhi moja kwa matatu. Nimeanza kuweka nauli ya watu wawili. Yule nzi wa chungwa tumemchomeka kwenye pazia, na vidole vyangu bado havijatakata.